Nilimushitaki Fundi Mbele ya Kupima Ubao

Jamaa nyingi za miji yetu ya migodi zinajua taabu hii. Mutu anakusanya feza kidogo kidogo, ananunua kitu kizuri kwa ajili ya nyumba, na kisha miezi michache kitu kile kinaharibika. Akirudi kwa muuzaji, anajibiwa: “Kosa haiko yangu.” Wengine wanapiga kelele mpaka njiani. Wengine wananyamaza na kusema, “Tumuachie Mungu.” Mimi nilifanya jambo baya kupita haya mawili: nilitafuta mutu mudogo wa kubeba kosa. Nitawaelezea namna ilivyotokea, kwa sababu ilitokea ndani ya nyumba ya muchungaji, na nyumba ya muchungaji nayo iko na jiko.

Feza ya likelemba

Bibi yangu anapika gato za ndoa na mikate ya kuuzisha hapa Likasi, katika komune ya Kikula. Ndiyo kazi inayolipa masomo ya watoto wakati mushahara wa kanisa unachelewa, na unachelewa mara nyingi. Miaka mingi alikandia unga juu ya meza ya zamani. Ubao wake ulikuwa umepasuka, unga ulikuwa ukiingia katika nyufa, na mende nao walijua njia.

Katika mwezi wa 7 mwaka 2022, zamu yake ilifika katika likelemba ya wamama kumi. Kila mama alikuwa akitoa dola 25 kwa mwezi, basi akapokea 250. Hakununua kitenge. Alisema, “Baba, safari hii tutengeneze jiko.”

Muuzaji tuliyeambiwa habari zake alikuwa Lubumbashi, karibu kilometa 120 toka kwetu. Alituonyesha mbao ndefu za kuweka juu ya makabati ya jikoni: metre 3 kila moja, unene milimeta 38, na juu zimefunikwa na formika nzuri yenye sura ya jiwe. Ndani yake haiko mbao ya muti muzima; ni vipande vidogo vya mbao vilivyoshindiliwa pamoja na gundi. Bibi yangu akauliza, “Na maji?” Muuzaji akacheka: “Mama, hizi haziogopi maji.” Juu ya fakture akaandika neno la Kifaransa “hydrofuge”, ni kusema ubao uliotengenezwa kwa kuvumilia unyevu.

Tulinunua mbao mbili, dola 180. Kamyo ilitaka 20. Fundi seremala, kijana wa kwaya yetu, alilomba 50 kwa kazi yote. Ikawa 250 kamili. Hakuna hata dola moja iliyobaki. Ubao wa kwanza uliwekwa upande wa lavabo, wa pili upande wa kukandia unga. Mwezi wa 8 jiko liliisha. Mama alipita mukono juu yake sawa mutu anayepapasa kichwa cha mutoto muchanga.

Kuvimba

Wakati wa kiangazi mambo yote yalikuwa mazuri. Kisha mvua ikaanza. Siku moja mwanzoni mwa mwezi wa 12, bibi yangu aliniita: “Baba, kuja uone. Ubao unavimba sawa mukate.”

Ilikuwa kweli. Kando ya lavabo formika iliinuka, na pembeni yake unaweza kuingiza ukucha. Hata ule ubao mwingine ulianza kuwa na mugongo.

Nilimupigia muuzaji simu. Alinijibu kwa heshima sana: “Pasta, mbao zetu hazina shida. Fundi wenu hakuweka silikoni ku tundu ya lavabo. Maji iliingia. Ulizeni yeye.”

Mimi sikuuliza. Nilikubali. Muuzaji alikuwa na magazini kubwa na maneno matamu. Fundi alikuwa kijana wa miaka 23 mwenye sanduku moja la vyombo. Siku ya Mungu iliyofuata, komite ya kanisa ilikutana kuchagua fundi wa kutengeneza viti kumi na mbili vya shule ya siku ya Mungu. Jina la kijana yule lilikuwa la kwanza. Nikasema mbele ya watu watano: “Huyu musimupe. Aliharibu jiko langu. Hajui kazi.” Kazi ikapewa mwingine. Yeye alikuwa anangoja inje, chini ya muti wa maembe. Nilipita karibu naye na kumusalimia.

Swali la muzee

Katika mwezi wa kwanza mwaka 2023, muzee mumoja wa kanisa letu alikuja kututembelea. Alifanya kazi miaka mingi kwa Gécamines, katika atelier ya Panda, na mikono yake ingali inapenda chuma. Alitazama jiko, akasikiliza hasira yangu yote, akauliza:

“Pasta, ulipima?”

“Papa, kupima ni kwa nini? Macho inaona.”

“Macho inaona kuvimba. Haioni sababu.”

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena: “Na huu ubao wa pili, hauna lavabo, hauna tundu. Silikoni gani ilikosekana hapa?”

Sikuwa na jibu. Ubao ule nilikuwa nikiutazama kila asubuhi nikikunywa chai yangu, na swali lile halikunijia hata mara moja.

Usiku ule nilifungua Mambo ya Walawi, sura ya 14, sura ambayo ku shule ya Biblia tuliisoma mbiombio ili kufika mbele. Inaeleza kuhani anavyotazama nyumba yenye madoa ukutani. Kwanza vitu vinatolewa ndani. Anatazama rangi, anatazama kama doa limeingia ndani kuliko uso wa ukuta. Lakini hasemi neno siku ile. Anafunga nyumba siku saba, anarudi, anatazama kama doa limeenea. Hata hapo anaondoa mawe yale tu yenye doa, si nyumba nzima. Nilijiuliza: ikiwa ukuta unapewa siku saba, kwa nini kijana wa kwaya hakupewa hata dakika tano?

Namna tulivyokusanya ushahidi

Tangu siku ile muzee alitufundisha kazi. Ninaiandika hapa kwa utaratibu, kwa maana inaweza kusaidia jamaa nyingine, ikiwa ni ubao, ao mabati, ao sima, ao friji.

Kwanza, makaratasi. Tulitafuta fakture. Ilikuwa ndani ya Biblia ya bibi yangu, na maandishi yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa sababu ilitoka katika mashine inayoandika kwa moto juu ya karatasi laini. Karatasi za namna ile zinafutika kwa jua na joto. Tulifanya fotokopi mbili siku ile ile. Tena nikakumbuka nabii Yeremia aliponunua shamba la Anathoti: feza ilipimwa, mashahidi wakaandika majina, hati moja ikafungwa na nyingine ikabaki wazi, zote zikatiwa ndani ya chungu cha udongo ili zidumu. Chungu chetu kilikuwa bahasha ya plastiki. Tulitafuta vilevile ujumbe wa simu ambamo muuzaji alituandikia bei na neno lile “hydrofuge”. Wazee wanasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, kutogusa. Nilikuwa nimeanza kupiga misumari ili formika ishuke. Muzee alinishika mukono: “Ukitengeneza sasa, unazika maiti mbele ya munganga kuitazama.” Usitengeneze kitu, usikitupe, mpaka kimepigwa foto na kupimwa.

Tatu, foto. Foto ya karibu sana haionyeshi kitu. Muuzaji anaweza kusema haiko jiko lako. Tulipiga kwanza jiko lote toka mulangoni, kisha ubao muzima, kisha mahali palipovimba, na pembeni tukaweka rula ya mutoto wa shule. Tulifunga dirisha na kuangaza tochi toka upande, kwa maana mwanga wa upande unaonyesha kilima kidogo ambacho mwanga wa juu unakificha. Foto za kwanza tulizihifadhi katika simu, hatukuzitegemea zile zilizotumwa kwa WhatsApp, kwa sababu zikitumwa zinapunguzwa na kupoteza uzuri wake.

Hapa nitaungama jambo. Ndugu mumoja alituambia, “Pasta, mwaga maji kidogo tena, foto itakuwa kali.” Nilikaa kimya muda murefu kupita ilivyofaa. Kisha nikawaza juu ya kanzu ya Yosefu. Kanzu ilikuwa ya kweli, damu ilikuwa ya kweli, na pamoja na vile ulikuwa uongo uliovunja moyo wa baba muzee. Sikumwaga maji.

Ine, vipimo. Muzee alileta chombo chake cha chuma cha kupimia unene. Tarehe 9 mwezi wa kwanza tulipima mahali mbalimbali na kuandika katika kayé. Kando ya lavabo: milimeta 44. Nusu metre mbali nayo: 39. Mwisho wa ubao ule: 38, kama siku ya kununua. Ubao wa kukandia unga, ukingo wa mbele: 40, mwisho wake upande wa kulia: 41. Tarehe 16, kisha siku saba, tulipima tena mahali pale pale.

Tano, na hii ndiyo ngumu: kutafuta kosa lako mwenyewe. Muzee alitandika karatasi za gazeti chini ya lavabo usiku, akafunga kabati. Asubuhi karatasi zilikuwa zimelowana. Robine yetu ilikuwa inavuja. Tena mimi nilijua. Tangu mwezi wa 10 nilikuwa nimeweka beseni pale chini na kusema, “Nitatengeneza wiki ijayo.” Bibi yangu alinitazama tu, hakusema neno. Mutu aliyeolewa miaka ishirini anajua kutazama.

Fundi wa maji alibadilisha kamba ya mupira ndani ya robine, kazi ya franga kidogo sana. Katika zile siku saba kuvimba kando ya lavabo hakukuongezeka. Basi hapo maji yetu yalikuwa na sehemu yao. Lakini ubao wa pili haukuwa na robine, haukuwa na dirisha juu yake, bati halikuvuja. Ulikuwa unapanguswa tu na kitambaa chenye unyevu, sawa kila meza ya jikoni duniani. Na ulivimba.

Kipande cha ubao

Fundi alipotoboa tundu la lavabo, kipande kilichotoka hakikutupwa. Watoto wangu walikuwa wanakikalia inje wakati wa kuosha vyombo. Kilikuwa mahali pakavu, chini ya baraza, na katikati yake kilikuwa kingali na milimeta 38. Muzee alipokiona alifurahi sawa aliyeokota shaba.

Alitueleza namna mbao hizi zinavyofanya. Formika ya juu haipitishi maji. Maji yanaingia pembeni, katika tundu na katika viungo. Vile vipande vya ndani vinanyonya, vinatanuka, gundi inaachia. Hata vikikauka, havirudi kabisa mahali pao. Ubao wa kweli wa “hydrofuge” una gundi inayovumilia zaidi. Nao haiko jiwe, ukiuacha ndani ya maji utavimba kidogo. Viwanda vingine vinatia rangi ya kijani ndani yake ili ujulikane. Ndani ya ubao wetu hakukuwa hata alama ya kijani. Nikapiga makofi: “Tumewakamata!” Muzee akakataa: “Pole pole, Pasta. Rangi ni alama tu. Haiko ushahidi.”

Katika viwanda, alisema, wanazamisha vipande vidogo ndani ya maji saa 24, kisha wanapima vimevimba kiasi gani. Sisi tulifanya kwa namna yetu. Tulikata kipande cha sentimeta 5 kwa 5 katikati ya kile cha watoto. Katika atelier moja ya hapa Likasi tulipata kipande cha ukubwa ule ule, cha ubao wenye muhuri wa kiwanda na unene ule ule wa 38. Vyote viwili tuliviweka katika beseni moja, maji yale yale, saa ile ile, mbele ya watu watatu walioandika majina yao. Kesho yake kile chenye muhuri kilikuwa na milimeta 40. Chetu kilikuwa na 45.

Sita, shahidi asiye na faida. Tulimwita seremala wa mutaa mwingine, asiyetujua, asiyeuza mbao. Alitazama, akaandika mistari sita na kutia sahihi. Katika mistari ile aliandika neno lililonichoma: “Tundu la lavabo lilipakwa vernisi na silikoni kama inavyofaa.”

“Haukuniuliza”

Basi nilikwenda kumuona kijana. Nilimukuta nyumbani kwao anasugua mulango wa mutu. Nilimwambia kwamba ninatafuta kujua alivyofanya kazi yetu. Aliweka chini karatasi ya kusugulia, akafungua simu yake, akanipa. Palikuwa foto nne za mwezi wa 8: tundu la lavabo limepakwa vernisi mara mbili, kisha silikoni nyeupe imezunguka pande zote, mbele ya lavabo kuwekwa. Alizipiga ili kuwaonyesha watu kazi yake na kupata kazi nyingine.

“Kwa nini hukunionyesha?” nilisema.

“Baba Pasta, nilikuwa na foto tangu siku ya kwanza. Haukuniuliza.”

Wasomaji, nimehubiri zaidi ya miaka ishirini. Sijui kama nimewahi kusema neno lenye uzito kama lile.

Barua ya ukurasa mumoja

Kijana mwingine wa kanisa, anayesoma sheria ku Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitueleza kwamba sheria yetu ya mapatano, inayotokana na dekré ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888, inazungumza juu ya mambo haya. Anayedai ndiye mwenye kuleta ushahidi. Muuzaji anajibu juu ya kasoro iliyofichika. Hajibu juu ya ile ambayo munuzi angeweza kuiona mwenyewe siku ya kununua. Ikiwa kasoro iliyofichika imeonekana, munuzi anaweza kurudisha kitu na kupewa feza yake, ao kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Lakini anapaswa kudai kwa haraka. Akingoja sana, anapoteza haki yake. Ndiyo sababu tarehe uliyoona kasoro inapaswa kuandikwa siku ile ile.

Tuliandika barua ya ukurasa mumoja tu. Tulisema tulinunua nini, siku gani, kwa bei gani, tuliahidiwa nini, tuliona nini na siku gani, tulipima nini. Kisha tuliandika kwamba robine yetu ilivuja tangu mwezi wa 10. Bibi yangu aliuliza, “Hii nayo tunaandika?” Nikamujibu, “Tukiificha, wataiona wenyewe, na hapo hawatasadiki hata yale ya kweli.” Mwisho tuliandika tunachoomba: ubao mupya kwa upande wa unga, na nusu ya bei, dola 45, kwa ubao wa lavabo. Hatukuandika vitisho. Hatukutaja radio, wala polisi, wala Mungu. Tarehe 6 mwezi wa 2 nilipeleka barua kwa mukono, na yule aliyeipokea alitia sahihi na tarehe juu ya kopi yetu.

Siku ya kukutana, muzee alinisindikiza. Muuzaji alisoma barua mara moja, akarudi ku ule mustari wa robine, akausoma tena. Aliniuliza, “Ninyi wenyewe munaandika hivi?” Nikasema ndiyo. Nilimuona anakaa vizuri katika kiti chake.

Hatukumulazimisha kusadiki jaribio letu. Tulimupa sehemu nyingine ya kile kipande cha watoto na kumwambia, “Fanyeni wenyewe.” Alikata kipande cha ubao wenye muhuri toka magazini yake, akaweka vyote viwili ndani ya ndoo, akafunga ofisi, ufunguo akabaki nao. Kesho yake tulikuta mambo yale yale: 40 na 45. Alikaa kimya. Kisha akaenda mwenyewe nyuma, akatazama mbao zilizobaki za wakati ule. Nyingine zilikuwa na muhuri wa kiwanda, nyingine hazikuwa na alama yoyote. Akasema kwa sauti ya chini: “Pasta, hata mimi niliuziwa hizi kama hydrofuge.”

Sikujua kama nicheke ao nimuhurumie. Yeye aliamini mutu aliyemuuzia, mimi nikamuamini yeye, na mwisho wa safari muzigo wote ulianguka juu ya kijana wa miaka 23.

Alitupa ubao mupya wenye muhuri, na kamyo akalipa yeye. Kwa ule wa lavabo tulilomba 45, akatoa 40. Tulikubali.

Mbele ya watu wale wale

Niliomba komite ikutane tena, watu wale wale watano, katika chumba kile kile. Nilileta kayé ya vipimo na simu ya kijana. Nikasema: “Nilimushitaki mutu huyu mbele yenu bila kupima, bila kuuliza, bila kusikia kinywa chake. Kazi yake ilikuwa nzuri. Robine yangu ndiyo ilikuwa mbovu, na ubao haukuwa ule tulioahidiwa.” Kisha nikamuomba musamaha akiwa amesimama pale, si chini ya muti wa maembe.

Alisema, “Imeisha, Baba.” Lakini viti kumi na mbili vilikuwa vimekwisha kutengenezwa na mwingine, na feza ya viti ilikuwa imekwisha kulipwa. Hiyo sikuweza kuirudisha. Nilimuita aje kuweka ubao mupya, akataka kufanya bure. Nilikataa, nikamulipa bei yake yote, kwa maana mutu akikusamehe haiko sababu ya kumutumikisha. Alibaki katika kwaya. Hata hivyo miezi mingi alikuwa akitoka kwa mulango wa nyuma, na mimi nilijua kwa nini.

Leo bibi yangu angali anakandia unga juu ya ubao ule. Kila mara mwanzoni mwa mvua ninachukua rula na kupima ukingo wake. Watoto wananicheka. Ninawaambia: kupima ni kazi ndogo, inachukua dakika moja. Neno nililosema bila kupima linadumu mpaka leo.

Basi wewe musomaji, ikiwa kitu kimeharibika nyumbani kwako, tunza karatasi, piga foto na rula pembeni, pima mara mbili, tazama chini ya lavabo yako mwenyewe. Lakini mbele ya yote hayo, nenda kwa yule unayemuwazia kosa, kaa naye, umuulize: “Ndugu yangu, wewe uko na nini cha kunionyesha?” Pengine iko ndani ya simu yake tangu siku ya kwanza.